Hodi Pembeni

Kete nyeusi ilitua karibu na pembe yake, na mkono wa fundi saa ukaruka kama uliochomwa sindano. Akausimamisha hewani.

"Piga tu, shemeji," alisema fundi viatu, mdogo wa mumewe, akibandua gundi vidoleni. "Najua unawashwa."

Walikuwa wakicheza Go juu ya kipande cha mbao chenye mistari kumi na tisa huku na kumi na tisa kule. Kete nyeusi zilikuwa viduara vilivyokatwa kutoka mabaki ya soli. Nyeupe, vifungo vya mashati yaliyokwisha kuaga dunia. Kila mtu kwa zamu yake huweka kete mistari inapokutana, na anayezungushia nafasi kubwa ndiye mshindi. Pembeni ndiko kwepesi kuzungushia, kwa hiyo ndiko mwenzako anakokuja kubisha hodi.

Siku hiyo walikuwa wakigombea dirisha. Chumba chao cha kazi kilikuwa na moja tu. Kila mwanzo wa mwezi aliyeshinda alikaa pale, aliyeshindwa akarudi nyuma kwenye taa inayopepesa. Kwa miezi mitano fundi viatu alikuwa akigonga misumari katika mwanga mzuri, huku akijisifu kwamba soli anaweza kuishona hata kwa kupapasa. Fundi saa alikuwa amekwisha kuwarudishia wenyewe saa tatu za kike bila kuzifungua, maana skrubu zake ni ndogo kama chawa, na kwa taa ile hazionekani. Ya nne, ya mkunga mstaafu, ilikuwa mezani tangu juzi. Kuomba dirisha aliapa hataomba. Shemeji yake aliapa kumpa siku atakayoomba. Basi wakakaa hivyo, wakaidi wawili, kila mmoja na kiapo chake.

Kosa la fundi saa mchezoni lilijulikana hata kwa wateja: ukimsogelea pembeni, anabana palepale. Fundi viatu humtupia kete moja kama chambo, yeye akaifukuza ubao mzima, na nyuma yake mwenzake akajenga nyumba kwa raha zake.

Lakini asubuhi hiyo skrubu ya saa ya ukutani ilikuwa imeganda. Badala ya kuilazimisha hadi kichwa kilike, aliitia tone la mafuta, akaenda kunywa chai. Aliporudi ikazunguka kwa kuguswa tu.

Akashusha mkono. Kifungo akakiweka upande wa pili wa pembe, hatua chache kutoka kete yake ya kwanza, kama mtu anayesogeza kiti akae vizuri.

Fundi viatu alitazama ubao, akamtazama yeye. "Umenisusa?"

"Nimesikia hodi. Sijasema karibu."

Fundi viatu akacheka, ila kicheko kilikuwa kifupi. Akaja tena, safari hii kutoka ubavu wa pili. Fundi saa akajibu kwa utulivu uleule. Sasa nyeusi zilikuwa wageni wawili katika pembe moja, kila mmoja peke yake, hana pa kuegemea. Hapo ndipo alipoanza kubana, taratibu, kifungo kimoja baada ya kingine, na aliyezoea kufukuzwa kwa kelele hakujua akimbilie wapi.

Walipohesabu, fundi saa alikuwa amemzidi nafasi sita. Fundi viatu akahesabu upya. Zikawa saba.

"Nani amekufundisha?"

"Saa ya ukutani."

Fundi viatu akabeba chuma chake cha kugongea, akanung'unika njia nzima, hatua nne.

Kesho yake saa ya mkunga ililala wazi dirishani, na skrubu zote zilionekana. Fundi saa alikuwa ameishika ya kwanza kwa kibano aliposikia kigoda kikikwaruza sakafu nyuma yake. Kikatulia vigae viwili kutoka meza yake.

"Huku nyuma uzi hauonekani, shemeji," sauti ikasema, kwa upole usio wa kawaida.

Hakugeuka. Aliiweka skrubu kwenye kisahani chake, kisha, kwa mguu, akaisukuma meza kigae kimoja kando. Mwanga ukamwagika katikati.