Tundu katika Barua ya Reuben

Kwa miaka sita Mwalimu Josiah Pinnock alisoma vitabu kama kuku anavyopekua uani: anachakura, anadonoa, anasonga mbele. Alikuwa miongoni mwa wasomaji waliojitolea kuisaidia kamusi kubwa ya Kiingereza. Kazi yao ilikuwa kuwinda neno, kuikata sentensi lilimokaa, kuibandika kwenye kikaratasi cha ukubwa wa kiganja na kuituma mjini kwa posta. Vitabu vikuukuu havikunakiliwa, vilikatwa kwa mkasi. Mkewe Kezia, aliyezibwa macho yote mawili na mtoto wa jicho, alikuwa akiusikia mkasi ule kutoka jikoni.

"Mwalimu, umechinja kingine?"

"Hiki kilishazeeka, Kezia. Hakikuumia."

Majira ya baridi ya mwaka huo alipewa neno moja tu, spring, nalo lilimtoa jasho. Watu wa kale walilitwisha kila kitu: chemchemi, mapambazuko, mruko wa mbuzi, bahari inapojaa, msimu wa maua. Wakata miti nao waliliita hivyo chipukizi linalotoka kwenye kisiki. Kuhusu hiyo maana ya mwisho mhariri, Bwana Ormerod, aliandika kwa mkato kwamba shahidi wake wa karibuni, yaani sentensi inayolitumia hivyo, ana miaka mia mbili. Asipopatikana mwingine kabla ya Aprili, kamusi itasema maana hiyo imekufa.

Imekufa! Josiah alihamaki utadhani ametukaniwa wazazi. Mwanawe Reuben alikuwa mkata miti, na neno hilo lilikuwa halimtoki mdomoni.

Aliyekufa ni Reuben mwenyewe. Mwaloni ulimwangukia mwezi wa Novemba katika misitu ya Kent. Alikuwa ameondoka nyumbani alfajiri moja bila kumuaga mama yake, asijue mtu kwa nini, na Kezia alikuwa akijiuliza usiku na mchana amemkosea nini mtoto. Siku mbili baada ya mazishi ilifika barua ya Reuben, iliyotiwa posta kabla ya ajali. Kezia aliipapasa, akaifungia kwenye droo ya nyuzi.

"Bado," alisema. "Humu mwanangu ana neno la kuniambia. Nikishalisikia, ndiyo basi tena. Nikipata nguvu utanisomea."

Mwishoni mwa Machi, Kezia akiwa kanisani, Josiah aliitoa barua drooni, akaifungua. Tuseme ukweli, hakuisoma, aliiwinda. Jicho liliteremka upande wa kwanza mpaka likanasa: Tumeizungushia ua spring ya mwaka huu, ng'ombe wasiile. Akakata, akabandika, akaenda mbio posta. Njiani alilia kwa furaha, maskini, akiamini amempatia mwanawe mahali ambapo hatasahaulika.

Jibu lilikuja Jumamosi ya kuamkia Pasaka. Bwana Ormerod alishukuru sana. Hata hivyo kamusi ilipokea yaliyochapishwa tu, na barua za vibarua hazikuhesabiwa. Kikaratasi kilikwisha tiwa motoni pamoja na vingine visivyofaa.

Kesho yake, baada ya kula, Kezia alifuta mikono, akaketi.

"Leo ninazo nguvu. Ilete."

Josiah aliileta. Upande wa kwanza aliusoma vizuri: mvua, viatu vibovu, mpishi wa kambini asiyejua kupika. Alipofika kwenye tundu aliliruka kwa sauti ile ile ya darasani. Kezia alicheka kidogo habari ya mpishi. Kisha Josiah akageuza karatasi, na hapo tu ndipo alipokumbuka kwamba karatasi ina pande mbili.

"Mama," alisoma, "siku ile niliondoka bila kukuaga kwa sababu..."

Mbele yake palikuwa na tundu.

"Kwa sababu gani?"

Mwisho wa tundu yalibaki maneno machache: ndiyo maana sikugeuka nyuma, na naomba usinilaumu. Josiah alitafuta la kujaza hapo katikati. Angeweza kusema mtoto alichelea kumwona mama akilia, na Kezia angeshukuru na kulala usingizi wake. Ulimi ulikataa. Sababu yenyewe Reuben alikuwa ameiandika kwa mkono wake.

"Pamekatwa, Kezia."

"Nani kapakata?"

"Mimi. Upande wa pili kulikuwa na neno la kamusi."

"Na hapa, kabla hujakata, ulisoma?"

"Sikusoma."

Kezia alinyoosha mkono, akapewa barua. Vidole vyake vilitembea juu ya karatasi taratibu mpaka vikatumbukia. Alivizungusha humo, akapima upana wake. Josiah akapiga magoti, akaomba radhi, akaomba tena.

Kezia akauliza, "Na hilo neno lako, limepona?"

"Hapana," alisema Josiah. "Wamelichoma."