Mzee wa Kaptura ya Zambarau

Kwa-kwa-kwa, kwa-kwa-kwa. Meno ya njumu yaligonga saruji ya kibarazani, na Rawiri, aliyekuwa jikoni mwa klabu akipaka mikate siagi, hakuhitaji kuchungulia. Maveterani, wachezaji wakongwe wa raga, walikuwa wanarudi kutoka uwanjani. Harufu ya matope na dawa ya kuchua misuli ikafuata.

"Nahodha kajificha kwenye mikate!" Duggie, jitu la mstari wa mbele, alipaza sauti mlangoni. "Goti linauma au hotuba inauma?"

"Kaoge kwanza, Duggie. Unanuka kama zizi."

Wakacheka, wakapita. Goti la Rawiri lilikuwa zima kabisa. Alitoka uwanjani wakati wa mapumziko kwa sababu hakuweza kuendelea kucheza mechi ya kumkumbuka Clarrie Hodgkiss.

Clarrie aliichezea klabu ya Mangarere miaka hamsini na sita, akazikwa mwezi uliopita. Alipotimiza sabini alivalishwa kaptura ya zambarau, na kwa maveterani mwenye rangi hiyo haguswi. Akishika mpira, mnampisha. Mzee aliitumia haki hiyo bila haya. Alikimbia polepole kama ng'ombe anayekwenda kukamuliwa, akiwatukana watu njia nzima: "Pisha, gunia la viazi! Bibi yako alinikaba vizuri kuliko wewe!" Timu zote mbili zilishika mbavu kwa kucheka.

Siku moja tu, miaka miwili iliyopita, Rawiri hakucheka. Ilikuwa mechi ya mazoezi ya Alhamisi, ukungu umeshuka toka mlimani hadi kwenye nguzo za goli. Mchana wa siku ile kocha alikuwa amemwambia kwamba timu ya kwanza haimhitaji tena, amezeeka, akacheze na wazee. Akaenda mazoezini hivyo hivyo. Mara Clarrie akampita na mpira. Akampita tena. Mara ya tatu, pale pembeni ukungu ulipokuwa mzito, mzee alimtolea ulimi: "Hata mimi huniwezi, kijana?"

Rawiri akamkumba kwa bega zima.

Aliusikia mfupa wa nyonga ukivunjika. Refa alipofika akikimbia, Clarrie, uso mweupe kama chokaa, alimtazama Rawiri, kisha akamgeukia refa. "Nimeteleza," alisema. "Matope haya, jamani. Nimeteleza tu."

Hakucheza tena. Alitembelea fimbo, kifua kikamwandama, na majira haya ya vuli kikamchukua. Rawiri alikwenda kumtazama mara mbili tu, na mara zote mbili aliongea habari za mvua. Katika siku hizo hizo klabu ilimchagua nahodha wa maveterani. Akakubali. Na sasa, baada ya chai, alitakiwa asimame amsifu marehemu.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Shangazi Ngaire, mjane wa Clarrie, aliingia na sinia la mayai ya kuchemsha yaliyojazwa viungo.

"Hujambo, mwanangu. Mbona unasiginasigina mkate wa watu?"

"Sijambo, Shangazi. Lete nikupokee."

Aliliweka sinia mwenyewe. Akakaa kwenye kiti, akavua miwani, akaanza kuifuta ingawa ilikuwa safi.

"Kwenye hotuba yako," alisema, "usiitaje ile ajali. Nakuomba."

"Kwa nini, Shangazi?"

"Kwa sababu mimi ndiye niliyemwangusha." Hakuinua macho. "Asubuhi ile nilimbadilishia meno ya njumu. Marefu sikuyaona, nikamfungia yale mafupi yaliyolika. Nikasema, ah, mzee anatembea tu, si anakimbia. Akateleza. Miaka miwili nilikuwa namsugua ule mguu kila jioni namwomba radhi, naye ananiambia achana nayo, mama. Hakunilaumu hata siku moja."

Kisu kilimponyoka Rawiri, kikaanguka kwenye karo.

Alikuwa amejiambia mara nyingi kwamba uongo wa Clarrie ulikuwa zawadi, na kwamba haukumuumiza mtu. Sasa aliyeulipia alikuwa amekaa mbele yake, na miwani mkononi.

"Shangazi," alisema. "Hakuteleza. Nilimkumba mimi. Nilikuwa na hasira zangu, akanitania, nikamkumba."

Ngaire alivaa miwani yake. Akamtazama usoni.

"Ulikula keki yangu kwenye mazishi," alisema.

"Ndiyo."

"Ulibeba jeneza."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na yule mwongo mwingine, alilala kando yangu akinisikia nalia. Angekuwa hai leo ningemvunja na ile nyonga ya pili."

Rawiri alijifunika uso.

"Toa mikono. Usinililie. Mimi nimeshalia machozi yangu na yako." Alisimama, akaliinua sinia. "Unataka nikusamehe hapa, penye vyombo vichafu, halafu utoke ukapigiwe makofi?"

"Hapana."

"Basi unataka nini?"

Kutoka ukumbini Duggie alinguruma: "Nahodha! Watu wameshakaa! Chai inapoa!"

Rawiri alivua tai ya klabu, akaiweka mezani.

"Shangazi Ngaire," alisema, "nakuahidi, neno langu la kwanza pale mbele, kabla sijamsifu, litakuwa kwamba nilimwangusha mimi, na wewe huna kosa lolote."