Kikosi Kilicholala Kizwite

Getruda alikuwa akipepeta maharage nyuma ya nyumba yake, Kizwite, jua likiteremka, pale mumewe, Sajini Nestory, alipotoka ndani ya kihenge cha ulezi buti mkononi. Tangu apandishwe ndege kwenda kulinda amani ng'ambo ya bahari, hakuwa amesikika kama yu hai. Nyuma yake walitoka vijana wanane, wakiinama wasigonge vichwa.

"Habari za hapa, mama Jovina," alisema Nestory. "Kule hakuna pa kulala."

Mabweni yalikuwa kwenye mipango tu. Mahema yaliyofika yalikuwa ya wapishi, na wapishi hawakufika. Mvua ilipozidi, Meja Theodory, mkuu wa kambi, aliamuru kila sajini awatafutie askari wake malazi. Nestory alipajua mahali pamoja tu, na amri ni amri.

Getruda aliona buti zimejaa mchanga mweupe. Akawaambia wakung'ute nje, kisha akaenda kuongeza unga. Siku hiyo alilala fofofo.

Ikawa desturi. Jioni walitoka kihengeni, alfajiri wakarudi lindoni. Tangu biashara iwe huria, mablanketi ya mitumba yalikuwa tele sokoni, kwa hiyo baridi ya Ufipa haikuwashinda. Jirani yao Minza, aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Usukumani, alichungulia juu ya ua.

"Mwenzangu, jeshi lako leo wangapi? Niongeze maziwa?"

Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu Getruda aligawa majembe, wakainua matuta ya Kifipa, yale ya mviringo yanayofukia nyasi zioze ziwe mbolea. Kijana mmoja wa pwani aliinua tuta refu kama la viazi. Getruda akambomolesha.

Hema la Meja lilipochanika, naye akatoka kihengeni, kitambi kikikwama mlangoni. Vijana waliacha majembe wakapiga saluti. Meja akawaamuru wapumzike.

"Afande," alisema Getruda, "kule unaamuru wewe. Hapa jembe lako lile pale."

"Sawa, shemeji," alisema Meja, akavua kofia.

Maharage yalipoanza kutoa maua, Meja alileta habari wakati wa kula. Wafadhili wametoa fedha za mabweni, matofali yanashushwa. Vijana walishangilia. Getruda aliingia jikoni akalia. Kikosi kikipata paa, amri ya kutafuta malazi itafutwa, na kihengeni utabaki ulezi mtupu. Alijua askari anastahili kitanda chake. Alijua pia kwamba yeye anamtaka mumewe, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kuanzia hapo alikaa mbele ya kihenge kila jioni, akijifanya anachambua mchele. Jioni moja jua lilizama na hakutoka mtu. Minza alileta maziwa, akayaweka chini, akaketi karibu naye.

Ndipo mtu akapiga chafya mle ndani. Nestory alitoka, nywele zimejaa vumbi la ulezi, na wenzake wote nyuma yake.

"Mbona mmechelewa?"

"Tulikuwa kwenye gwaride. Amekuja mkubwa kufungua mabweni."

"Yamekwisha?" aliuliza Getruda.

"Yamefunguliwa. Utepe umekatwa, na makofi tumepiga. Ila hayajajengwa."

Meja alitoka wa mwisho. "Fedha zimeliwa, shemeji," alisema, akalifuata jembe lake.

Kijana wa pwani alitukana, kisha akaomba radhi kwa sababu ya kina mama. Getruda alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mtungi kichwani. Kuna watu waliowaibia wanaume hawa paa, na yeye alikuwa nusura awaombee baraka. Aliona haya, lakini furaha haikuondoka.

"Kung'uteni buti," alisema.

Akaingia jikoni. Maji ya ugali yalikuwa yakichemka kwenye sufuria kubwa, ile ya watu wote, aliyoibandika jua likiwa bado juu.