Upenyo Kati ya Kinu na Kijito

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na tatu Machi, asubuhi, Cyril Wragg akiwa amepiga magoti juu ya kiti, rula ameiuma kwa meno, kibano mkononi. Mlango wa mbele uligongwa kama unaovunjwa.

"Alhamisi!" alipiga kelele kutoka ghorofani, rula ikamdondoka. "Mlisema Alhamisi!"

"Ratiba imebadilika, Bwana Wragg." Bi Fenella Rudge wa shirika la nyumba alikuwa ameshaingia na kupanda ngazi, na nyuma yake vijana wawili wenye mabega mapana kuliko mlango. "Hukupata ujumbe kwenye simu?"

Simu ya Cyril ilikuwa ya ukutani, ya waya. Mji mzima wa Ilkeston ulijua hivyo, isipokuwa wale wanaolipwa mshahara ili wajue.

Walikuja kumhamisha. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu na yeye alikuwa peke yake, mkewe Beryl alishafariki mwaka uliopita, na kwa hesabu za wakubwa mtu akifiwa na mke, basi amefiwa na vyumba pia. Ndio walewale waliofunga mgodi wa makaa alikofanya kazi. Cyril hakuwa na shaka yoyote kuhusu hilo. Majina yalibadilika na suti zikabadilika, lakini ni walewale.

"Nipe siku mbili tu," alisema. "Nimefika katikati."

Bi Rudge alichungulia chumbani. "Katikati ya nini?"

Katikati ya vita. Meza ilijaza chumba chote cha nyuma, mtu alipita ubavuubavu kama kaa, na juu yake kulikuwa na vilima vya kadibodi, kinu cha upepo, kijito kilichopakwa rangi ya buluu, na majeshi mawili ya askari wadogo wa madini ya risasi. Wenzao walipokuwa wakitazama televisheni, Cyril na Beryl walipigana hapo, miaka nenda miaka rudi. Vilikuwa vile vita vya kale vya Uingereza kati ya Bunge na Mfalme, na yeye alishika jeshi la Bunge. Beryl alikuwa na wapanda farasi wa Mfalme, wenye manyoya kwenye kofia, na kila unyoya aliupaka mwenyewe.

Vita vya mwisho havikuisha. Ilikuwa zamu ya Beryl. Alizishika dadu, akainama akaangalia ule upenyo kati ya kinu na kijito, akatabasamu, akaziweka dadu chini. "Nimechoka leo," alisema. "Usiguse kitu. Kesho nitakuonyesha jambo, utakoma." Kesho yake alichukuliwa hospitali, na hakurudi.

Cyril hakugusa kitu. Alipangusa vumbi kwa brashi ya rangi, askari mmoja mmoja.

Nyumba waliyomwambia tangu mapema kuwa atahamia ilikuwa ya chumba kimoja tu, na meza ile isingeingia hata kwa kuomba. Aliyemwokoa ni Dennis Allsop, mwenzake wa mgodini. "Punguza, bata wangu," alimwambia, kama watu wa kule wanavyoitana. "Kuna askari wadogo kama punje ya mchele. Kila inchi ya mezani ifanye sentimita. Vita vyote utavitandaza juu ya meza ya kupigia pasi."

Cyril alizichukia sentimita, aliziona ni mali ya walewale. Hata hivyo alikaa majira yote ya baridi na miwani ya kukuzia, akipaka rangi watu wasio na nyuso, akitukana. Kisha akaanza kunakili vita kwenye ubao mdogo, kutoka kushoto kwenda kulia, kikosi kwa kikosi. Jumanne ile alikuwa amefika katikati. Upande wa kulia, penye kinu na kijito na farasi wa Beryl, alikuwa hajaugusa.

"Angalau acheni nipime huku," alisema.

"Ni meza tu, Bwana Wragg," alisema Bi Rudge, na aliisema kwa upole, jambo lililomuudhi Cyril zaidi.

Vijana wakaishika. Haikupita mlangoni, kwa sababu Cyril aliiundia mlemle chumbani. Wakaiinamisha. Vilima viliteleza, kinu kikaenda, farasi wa Mfalme wakamwagika chini kama mvua ya mawe, na kijana mmoja akasema, "Aa, samahani mzee," huku amesimama juu yao. Meza ilitoka vipande viwili, ikaishia kwenye pipa kubwa la takataka barabarani.

Nyumba mpya ilikuwa na kitanda, jiko, dirisha linalotazama mapipa, na king'ora cha moshi kilicholia kila Cyril alipopuliza rangi. Msimamizi alibandika tangazo kuhusu harufu. Halikutaja jina, lakini nani mwingine pale alikuwa na jeshi?

Alimalizia upande wa kulia kwa kumbukumbu. Alipomaliza alimwita Dennis.

Dennis alifika na pakiti ya biskuti, akaketi kitandani kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja. Ubao ulikuwa juu ya meza ya kupigia pasi, na meza ilitikisika kila lori lilipopita.

"Usipumulie huko," Cyril alimwonya. "Mara ya mwisho ulipiga chafya ukaniua kikosi kizima."

"Si kikosi cha Bunge? Hamna hasara." Dennis alichovya biskuti kwenye chai. "Mimi sikuelewi kabisa. Kutwa kucha unawalaani wabunge, na jeshi lako ni la Bunge."

"Bunge la zamani hilo. Lilikuwa na watu."

"Haya." Dennis aliinama, akaangalia muda mrefu kuliko Cyril alivyopenda. "Farasi wa Beryl watapita wapi?"

"Hawapiti. Upande wangu umefungwa."

"Umefungwa tangu lini? Hapa kati ya kinu na kijito palikuwa na upenyo. Niliuona kwa macho yangu, nilipokuja na keki ya mazishi."

"Uliona vibaya. Ulikuwa unalia."

"Nililia, sikupofuka." Dennis aliomba rula. Akapima kibao kimoja ambacho askari walikuwa wamegandishwa juu yake, akapima cha pili, akaanza kucheka kwa pumzi za mtu aliyekula vumbi la makaa maisha yake yote. "Cyril. Kule nyumbani vibao vyako vilikuwa na upana gani?"

"Inchi nne."

"Basi hapa vinatakiwa sentimita ngapi?"

Nne. Lakini Cyril alikuwa amenunua vibao vya dukani, vya sentimita sita, kwa sababu vilibeba askari wengi na vilipendeza. Alipima kona ya kushoto ya kila kikosi kwa uangalifu wa mtu anayeshona jeraha, akasahau kwamba kibao kina kona ya kulia pia. Kila kikosi kilimwagikia kulia, na kile cha mwisho kabisa kilikaa katikati ya upenyo kama ng'ombe njiani.

"Umemzibia marehemu njia," alisema Dennis.

"Wangekuja Alhamisi, yasingetokea haya!"

"Alhamisi vingekuwa na sentimita sita vilevile, bwana."

"Wangekuja Alhamisi!"

Lori lilipita. Mshika bendera wa Bunge akaanguka kifudifudi. Cyril alimnyanyua kwa kibano, kisha akatoa kisu cha karatasi kwenye droo. Walikaa mchana wote wakikata vibao, askari wakiruka huku na huku, mmoja akatua kwenye chai ya Dennis na kuzama. Walipovirudisha vyote, upenyo ulionekana. Mwembamba, lakini ulikuwepo.

Cyril alichukua kibao cha farasi wa Beryl akakijaribisha. Kikagusa kinu.

"Hawapiti," alisema. "Nilikuambia."

"Kinu kilikuwa hapo hasa?"

"Kilikuwa hapa."

"Au hapa?" Dennis alikisogeza kwa ukucha, kidogo tu, upana wa punje. Farasi wakapita kama maji, na mbele yao hapakuwa na kitu mpaka kwenye mizinga ya Cyril, migongo ya wapiga mizinga ikiwa wazi. Huenda hilo ndilo jambo Beryl aliloahidi kumwonyesha.

Cyril alikirudisha kinu. Akakisogeza. Akakirudisha tena. Beryl alikuwa na kawaida ya kuweka kikombe chake nyuma ya kinu, na kile kikombe kiliacha doa la duara kwenye kitambaa cha meza, doa ambalo Cyril alimgombeza kwa ajili yake mara nyingi. Lingemwambia kinu kilikaa wapi hasa. Kitambaa kilienda na meza.

"Wamelitupa doa langu," alisema. "Hata doa!"

Dennis hakucheka. Cyril alikuwa amekishikilia kinu kwa kibano hewani, hakiweki huku wala kule.

"Cyril, bata wangu," alisema Dennis, "wewe mwenyewe unataka wapite, au wasipite?"