Mkasi Unauliza Jina

Usiku wa jana niliota sina miwani, sina viatu, sina kofia, sina meno ya mbele (hayo hata mchana sina), na sina jina la mwanamke aliyesimama kando ya babu yangu kwenye picha. Vingine vyote ningevumilia. Jina ndilo lililonitoa jasho, kwa sababu mpwa wangu Mrisho, aliye Dodoma, anachapisha kalenda ya ukoo, na ametangaza kwamba kila sura isiyo na jina itakatwa.

Picha yenyewe ilipigwa studio, Tabora, zamani. Babu Kapama ameketi, amevaa koti jeusi, redio kubwa mapajani. Mwanamke amejitanda kanga mpaka mashavuni. Wengine husema ni dada yake babu, wengine jirani, na mmoja alidai ni mpita njia tu aliyependa kupigwa picha. Mimi nimesoma. Nilijifunza jioni, katika madarasa ya watu wazima, nikiwa tayari na watoto, na nimekimaliza kitabu kizima kuhusu kutambua watu katika picha za kale. Kinasema: anza na unayemjua, kagua mavazi, kisha tazama masikio, kwa maana sikio ni la ukoo.

Basi naingia studio. Mlango wake ni fremu ya picha, inabidi niukwee mguu mmoja mmoja. Ndani, kwenye kiti cha karani, umeketi mkasi.

“Shikamoo, mzee,” mkasi unasema.

“Marahaba.”

“Jina la huyu mama?”

Nauomba subira. Unanijibu kwamba subira ipo, ila itakwisha chai ikiiva.

Naanza na ninayemjua. Namwamkia babu, lakini linaitikia koti. Linaniambia nimwie radhi babu, hawezi kusema kwa kuwa linambana. Nikalieleza kwa heshima kwamba sisi wa ukoo wa Kapama tunalifahamu sana. Ndilo linalothibitisha kuwa babu alikuwa mtu mwenye uwezo.

“Mimi ni koti la studio,” likasema. “Nimewavaa wanaume wote wa mji huu. Na babu yako nimemwenea mbele tu. Mgeuze.”

Nikamgeuza. Nyuma hapakuwa na koti, bali vibanio vya nguo na shati lenye kiraka. Redio nayo ikakiri kwamba haina kitu tumboni. Nikamrudisha babu kama alivyokuwa, nikaazimia kutomwambia mtu.

Mavazi yamenishinda, yamebaki masikio. Namwamkia yule mama. Anaitikia, anakunja kanga yake nyuma ya sikio la kushoto. Hapo hapo sikio langu la kushoto linabanduka, linatambaa sakafuni kama konokono mwenye haraka, linampanda begani na kujilaza juu ya lake. Yanalingana mpaka kile kinundu cha ukingoni.

“Andika,” nikauambia mkasi. “Huyu ni bibi yangu.”

“Bibi ni cheo,” mkasi ukasema. “Mimi nimeuliza jina.”

Nikamuuliza mwenyewe. Akaniambia mumewe alimwita Mama Mlekwa, kwa ajili ya baba yangu, na kwao walimwita Binti Mihayo. Jina lake hasa halikutumika sana, kwa hiyo lilibaki jipya.

“Liko wapi?”

“Nilimwachia mjukuu. Lakini mama yako alikuwa mwanamke mwenye adabu. Angelitajaje jina la mama mkwe wake huku anamfokea mtoto akaoge? Akalifunika.”

Nje, birika linapiga mluzi. Mkasi unashuka kitini, unaanza kukata kwenye pindo la kanga.

“Wewe si msomi?” bibi ananiuliza, bila kujishughulisha na mkasi. “Nyumbani kwenu, ni mtoto gani aliitwa mkwe hata jino hajaota?”

Nikamwona dada yangu Mkwe, mama yake Mrisho, yuko mgongoni mwa mama yetu. Mkwe usilie. Mkwe lala. Tunamwita Mkwe hadi leo, naye ana vitukuu, na sijawahi kuuliza ni mkwe wa nani. Jina lililo kwenye vyeti vyake hulitaja manesi tu.

“Kalunde,” nikasema kwa nguvu zangu zote.

Mkasi ukafunga mdomo.

“Kalunde ni nani?” aliuliza mke wangu, ameketi kitandani, kumekucha.

Nikamjibu kwamba ni mwanamke wa Tabora, jibu ambalo halikusaidia, ikabidi nieleze yote. Sikio langu la kushoto lilikuwa baridi, kama kitu kilichopita kwenye umande. Nikaishusha picha ukutani. Kanga ya bibi ilikuwa imekunjwa nyuma ya sikio la kushoto. Nimeitazama picha hiyo tangu utotoni, na sikio hilo sikuwahi kuliona.

“Labda ulikuwa hujavaa miwani,” mke wangu akasema.

Hata sasa nilikuwa sijaivaa.

Ningeweza kupiga simu, lakini neno la simu hupeperuka. Nikaketi nikaandika:

“Mpwa wangu Mrisho, usimkate huyo mama. Ni Kalunde binti Mihayo, mama mzazi wa babu yako Mlekwa. Jina hilo unalijua, ni la mama yako. Marehemu bibi yako hakuthubutu kulitamka, kwa heshima ya mkwewe, ndiyo maana sote tukazoea Mkwe. Msomee mama yako barua hii polepole. Kuhusu koti la babu, andika tu kwamba lilimkaa vizuri.”

Mke wangu alikuwa akisoma nyuma ya bega langu.

“Na mimi, Baba Hadija,” akasema, “wajukuu zako wananijua kwa jina gani?”

Nikapaka gundi, nikaifunga bahasha, nikaigeuza. Mahali pa mtumaji nikaandika: Kasanda Mlekwa na mkewe, Mwamini binti Salumu. Nikasubiri wino ukauke, kisha nikaipeleka mwenyewe kwenye basi la Dodoma.