Kiingilio cha Elfu Tano

Jumamosi ilimkuta Lusubilo siku ya nne kwenye foleni ya malori Tunduma, na mpaka anauona kwa macho. Saruji aliyobeba ilikuwa ya kushushwa Nakonde tu, hapo ng'ambo, mahali ambapo mtu anafika kwa mguu. Kesho yake, huko Mlowo, mwanawe Efraimu alikuwa anabatizwa, mtoto aliyepatikana baada ya miaka tisa ya kungoja. Asipovuka leo mchana, akashusha na kurudi, hatakuwepo.

Ili asipasuke kwa hasira, alicheza poka. Madereva walitandika maboksi chini ya tela, wakacheza kwa namna mbili. Kwenye meza ya pesa kila kifuniko cha soda kilikuwa shilingi elfu, na mtu aliondoka na chake alipotaka. Kwenye mashindano unatoa kiingilio cha elfu tano, unapewa vifuniko thelathini, na anayebaki wa mwisho anazoa viingilio vyote. Ukiinuka kabla, vifuniko vyako ni takataka.

Gwalugano, dereva mkongwe wa Ileje, alikuwa amemwonya tangu juzi. Meza ya pesa, alisema, inakupa kidogo na kukunyang'anya kidogo. Mashindano unaweza kutoka mikono mitupu mara ishirini kabla ya kushinda mara moja. Lusubilo akabisha. Kwenye meza ya pesa mkono unarudi mfukoni mpaka posho ya safari iishe, lakini kwenye mashindano hasara unaijua kabla hujaketi: elfu tano, basi. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na hilo ndilo linaloudhi.

Alishatolewa mara sita. Mara ya saba wakabaki wawili, yeye na Mzambia mmoja asiye na haraka ya chochote. Hapo ndipo foleni ikasogea.

Desturi ya foleni ile, wa nyuma anakupigia honi mara tatu. Usipoondoa gari anakupita, wengine wanamfuata, nawe unarudi mkiani. Aliyekuwa nyuma yake ni Baba Fortunata, jirani yake wa Mlowo. Honi ya kwanza ikalia.

"Inuka, mdogo wangu," Gwalugano akamwambia. "Ungekuwa meza ya pesa, sasa hivi uko kwenye usukani."

Lusubilo alitazama karata zake. Ree mbili, jozi kubwa kuliko zote. Siku zote nne hakuwahi kuzishika. Alichukia foleni, alichukia saruji, akamchukia na Gwalugano kwa kusema kweli. Akasukuma vifuniko vyote katikati. Honi ya tatu ililia Mzambia akiwa bado anajikuna kidevu.

Alishinda elfu arobaini. Alipofika kwenye lori, pengo lilikuwa limejaa malori ya watu, na mkia wa foleni ulikuwa umefika Mpemba, nje kabisa ya mji.

Mkewe, Alinanuswe, akapiga simu kuuliza kama ameshavuka. Lusubilo akamwambia foleni imegoma.

"Mbona Baba Fortunata amevuka, na alikuwa nyuma yako?" mkewe alisema. "Haya. Nitamwambia kaka yangu Luka amshike mtoto kesho kanisani."