Mshenga wa Mgomo

Mjomba wangu Sospeter anaamini hakuna jambo chini ya jua lisilohitaji kamati. Nilipopata leseni ya udereva aliunda kamati. Mwanawe wa kwanza alipong'oka jino, nasikia palikuwa na mwenyekiti, katibu na ajenda. Kwa hiyo nilipobakiza miezi mitatu kumaliza chuo, sikushangaa kujikuta kwenye kundi la WhatsApp la watu sitini na wawili, wengi wao siwajui, lililoitwa Kamati ya Mahafali ya Flaviana. Mimi mwenye mahafali sikupewa cheo chochote.

Lakini safari hii nilimwelewa. Mama yangu, Mwalimu Theodora, alikuwa anakuja kutoka Bukoba, na nilikuwa sijamwona kwa miaka sita. Mara mbili aliomba viza, mara mbili wakamnyima. Mara ya tatu alikwenda ubalozini na barua ya chuo inayosema binti yake anahitimu tiba ya viungo tarehe tisa Mei. Afisa akaisoma, akamtazama, akamgongea. Tangu siku hiyo mama hakupiga simu bila kuitaja tarehe tisa.

Katikati ya Aprili ikaja barua pepe. Walimu wetu wa muda, ambao ndio karibu wote, walikuwa wametoa notisi: uongozi usipowasikiliza, wanagoma kuanzia Jumatatu ya tarehe ishirini na nane. Hapa Texas walimu wa serikali sheria inawakataza kugoma, ila chuo chetu ni cha binafsi, na wetu walikuwa na haki hiyo. Mwisho kabisa wa barua, pale ambapo watu huweka habari mbaya, iliandikwa kwamba mgomo ukianza hakuna mitihani, na mahafali yatasogezwa hadi Desemba.

Nilirusha simu kitandani. Halafu nikaiokota nikaangalia kama imepasuka, maana hasira zangu zina adabu kidogo. Nilimkasirikia mkuu wa chuo, nikawakasirikia walimu, nikamkasirikia hata mtu aliyevumbua mwezi wa Desemba.

Jumapili baada ya misa kamati ikakaa sebuleni kwa mjomba, Grand Prairie.

"Kiongozi wa hao wagomaji ni nani?" mjomba akauliza.

"Katibu wao ni Mwalimu Godefroid, anayenifundisha mifupa," nikasema. "Mkongo wa Bukavu. Anakaa Alief, Houston."

"Anasema Kiswahili?"

"Anasema cha kwao."

"Basi yamekwisha. Tunatuma mshenga."

"Uncle, please! Hii ni strike, siyo harusi. Kuna union, kuna lawyers."

"Lawyer anajua ku-demand," mjomba akasema, na wajumbe wakatikisa vichwa. "Kuomba kuna wenyewe."

Mwenyewe alikuwa amekaa pembeni anakula karanga. Mzee Gelasius siku za kazi anaendesha forklifti kwenye ghala moja Garland. Mwisho wa wiki huvaa suti ya kijivu na kwenda kuposa. Ameposea vijana kumi na mmoja, Dallas, Fort Worth, hadi Oklahoma, na hajawahi kurudishwa. Akajifuta mikono, akasema, "Nitahitaji kitambaa cheupe, bahasha na chakula. Mkono mtupu haulambwi."

Kuna jambo sikuiambia kamati. Nilijua kwa nini Mwalimu Godefroid anagoma.

Jumatatu na Jumanne hufundisha tawi la Houston, Jumatano na Alhamisi tawi letu la Dallas, na katikati kuna saa nne za barabara. Kila muhula anasubiri hadi wiki ya mwisho kuambiwa kama ana darasa au hana. Ofisi hajawahi kuwa nayo. Ofisi yake ni Corolla ya zamani kwenye maegesho ya chuo, na kiti cha nyuma amekaa Omer, mifupa ya plastiki ya mtu mzima, amefungwa mkanda. Aliwahi kusimamishwa na polisi kwa kupita njia ya magari yenye watu zaidi ya mmoja. Abiria alikuwa Omer. Mimi nilifeli mtihani wa kwanza wa mifupa, na Mwalimu akanikalisha kiti cha mbele kila Alhamisi, madirisha wazi kwa sababu ya joto, akinipa mguu wa Omer niutaje mfupa kwa mfupa mpaka vidole. Mtihani wa pili nikaongoza. Yote hayo niliyajua, na bado nilitaka mtu huyu asigome. Nasema ukweli wangu.

Jumamosi tukaondoka alfajiri. Mjomba aliendesha, Mzee Gelasius alikaa mbele amelaza suti mapajani isikunjike, na mimi nyuma na sufuria la ndizi na nyama, chapati thelathini na chupa mbili za chai. Kila tuliposimama kujaza mafuta mjomba alinikataza kugusa chapati.

"Hizo ni za ukweni," alisema.

"Uncle, hakuna ukwe hapo."

"Ndiyo maana tunautafuta."

Mwalimu Godefroid alifungua mlango akiwa na kalamu nyekundu sikioni. Alikuwa anakaa chumba na sebule, na meza ya kulia ilikuwa imejaa karatasi za mitihani. Omer alikaa kwenye moja ya viti vinne. Mzee Gelasius alimtazama, akasita, kisha akampa mkono Mwalimu tu.

"Flaviana, umeniletea bantu ya kwenu?" Mwalimu akauliza. "Karibuni, karibuni. Omer, toka, wageni bakae."

Akamhamishia Omer kwenye kochi. Chakula kikapokelewa. Mzee Gelasius akakataa kukaa. Alisimama katikati ya sebule, akakohoa, akatoa bahasha iliyofungwa kwenye kitambaa cheupe, akaishika kwa mikono miwili.

"Mwalimu," akasema, "sisi ni watu tuliopita njia, tukaona nyumba hii ina jambo jema. Tuna binti yetu. Ana mama yake yuko mbali. Tumekuja kuomba, hatukuja kudai. Tunaomba kalamu hiyo iliyoko sikioni isiwekwe chini mpaka tarehe tisa."

Nilitamani Alief ipasuke inimeze. Lakini Mwalimu hakucheka. Aliitoa kalamu sikioni, akaliweka shati lake vizuri, akaipokea bahasha kwa mikono miwili vilevile.

"Na kwetu iko hivi," akasema. "Lakini kwetu, mzee, mshenga haiko wa upande moja. Kama unaleta neno, unarudisha jibu. Donc, basi, wewe utabeba jibu yangu?"

"Mjumbe hauawi," Mzee Gelasius akajibu, akanyoosha mgongo. "Nitalibeba."

"Tunataka bitu mbili. Mkataba ya mwaka mzima, tujue kama tuko na kazi. Na chumba moja yenye mlango, tukae na banafunzi." Akanigeukia. "Flaviana, waambie. Mifupa ya mguu nilikufundishia wapi?"

Nikaangalia chapati. "Kwenye gari," nikasema. "Parking."

"Parking?" Mzee Gelasius akauliza. "Na nani mwingine alikuwa humo garini?"

"Yule pale kwenye kochi."

Mzee Gelasius akakaa bila kuambiwa. "Nimeposea kumi na mmoja," akamwambia mjomba kwa uchungu wa kweli. "Kokote nilikokwenda nilibisha hodi. Mwalimu wa chuo kikuu hana mlango wa kubishwa hodi? Sospeter, ulinileta kumwomba huyu nini?"

Mjomba akaanza kuzihesabu chapati.

Mwalimu akavuta karatasi moja toka chini ya mitihani. Juu ilikuwa imeandikwa kwamba wanafunzi waliosaini wanawaunga mkono walimu wao. Chini kulikuwa na mistari hamsini, yote mitupu.

"Uongozi wanasema kila siku: banafunzi haiko na ninyi, banataka diploma yao tu. Bale ba mwaka wa mwisho banaogopa. Siwalaumu." Hakunisogezea. Aliiacha tu juu ya meza, na mimi nikajua kwamba kama nitasaini na uongozi ukakaza, mgomo utakuwapo, mahafali hayatakuwapo, na jina la kwanza kwenye karatasi litakuwa langu.

Nikatoka nje nikampigia mama. Houston ilikuwa adhuhuri, kule Bukoba alikuwa anakula chakula cha usiku. Nikamweleza yote, gari, Omer, karatasi.

"Mama, nikisaini unaweza kufika usikute mahafali."

Nilimsikia akiweka kijiko chini. Mama amefundisha darasa la pili miaka ishirini na tisa, na nimemjua akisahihisha madaftari kwenye ngazi za shule, juu ya tenga la kuku, na kanisani.

"Flaviana," akasema, "mimi nakuja kukuona wewe au nakuja kuona joho?"

"Kuniona mimi."

"Joho linaweza kusubiri Desemba? Halina mama?"

"Halina."

"Basi saini. Na uandike vizuri, mwandiko wako ni mbaya tangu nikufundishe."

Nililia pale kwenye ngazi kidogo, halafu nikaingia nikasaini kwa herufi kubwa, mstari wa kwanza. Mzee Gelasius akaikunja karatasi kwenye kitambaa cheupe. Kisha tukala chapati zote, za ukweni na zisizo za ukweni.

Kuanzia Jumatatu niliwafuata wanafunzi wenzangu kantini, maktaba na kwenye maegesho. Nimesema nina hasira. Zamu hii zilinifaa. Mpaka Jumatano jioni mistari yote hamsini ilikuwa imejaa, na tumeongeza karatasi ya pili.

Alhamisi Mzee Gelasius akaomba ruhusa ghalani, akavaa suti ya kijivu, akaenda ofisi ya mkuu wa chuo. Mimi nilikuwa nyuma yake kama mkalimani. Katibu muhtasi akamwambia akae. Akakataa, mshenga hakai kabla hajaulizwa kilichomleta. Katibu muhtasi hakujua kama anapaswa kuuliza. Mzee akasimama dakika arobaini, mikono miwili mbele, kitambaa juu yake, mpaka mkuu wa chuo mwenyewe akatoka, mama mmoja mrefu mwenye miwani shingoni, akauliza kuna nini.

"Mwambie nimetumwa kuomba mlango," Mzee akasema.

Nikatafsiri. Yule mama akatutazama, akafungua kitambaa, akasoma majina moja baada ya jingine, akiwa amesimama. Akasema asante. Akarudi ofisini na karatasi mkononi.

Ijumaa saa kumi jioni ikaja barua pepe. Pande mbili zimekubaliana: mikataba ya mwaka, na vyumba vya walimu kila tawi. Mgomo hautakuwapo. Kama ni wanasheria, kama ni chama, kama ni majina yetu, mimi sijui. Mzee Gelasius anajua. Ukimuuliza leo ameposa wangapi, atakwambia kumi na wawili.

Mama akafika. Nisieleze uwanja wa ndege, tulipiga kelele mpaka walinzi wakaja. Tarehe tisa nikavaa joho, kamati ikashangilia kuliko watu wote ukumbini, na mjomba akapiga picha mia mbili, nyingi za kidole chake. Tulipotoka mama akasema, "Sasa nipeleke kwa mwalimu wako."

Chumba kilikuwa mwisho wa korido, stoo ya zamani ya mafagio, na harufu ya sabuni ilikuwa bado haijatoka. Meza moja, viti viwili, dirisha hakuna. Mwalimu Godefroid alikuwa ndani na joho lake, na Omer kwenye kona. Mlango ulikuwa wazi, akatuona, akainuka.

"Mama ya Flaviana! Ingieni, ingieni."

Mama hakuingia. Alilishika komeo, akaurudisha mlango taratibu mpaka ukafungika, na sisi sote tukabaki nje, mimi, mjomba na Mzee Gelasius. Akaweka mkono kwenye mbao, akautuliza hapo kidogo. Miaka ishirini na tisa ya ualimu, na hakuna mtoto aliyewahi kubisha mlango wake, kwa sababu hakuwahi kupewa mlango.

Akabisha. "Hodi, Mwalimu!"

Tukasikia mtu anajikohoza ndani.

"Karibu," sauti ya Mwalimu ikajibu, nzito. "Karibu, Mwalimu."

Mama akanitazama, macho yamemjaa maji na anacheka. Kisha akabisha tena, ingawa tulikuwa tumeshakaribishwa.